Punje Iliyochelewa

Mwalimu Kuwabara alikuwa haoni vizuri,
kwa hiyo alisikiliza.
Jumamosi asubuhi, watoto kumi na wawili, abakasi kumi na mbili,
shanga zikigongana kama mvua ya mawe juu ya bati,
naye, macho kafumba, akasikia punje moja
ikianguka nyuma ya nyingine.
Saa tatu, nyuma.
Saa nne, nyuma kidogo.
Saa tano na nusu imeshika mwendo, kana kwamba si ile.

Hakumkemea Chihaya. Alivaa koti, akavuka theluji ya Asahikawa
hadi mlangoni kwetu, akasema bila kukaa:
"Mtoto huyu si mvivu. Mvivu huchelewa mwishoni.
Huyu huchelewa mwanzoni."

Ndipo dada yangu akakumbuka:
siku hizi hapigi magoti mezani, miguu huitupa kando;
pakiti ya maziwa huomba afunguliwe;
soksi huvaa amelala chali.
Na goti la kushoto, tulipolipapasa, lilikuwa na joto
la mkate uliofunikwa.
Hakuwa amelia. Hilo ndilo lililotuponza.

Mimi niliificha mikono yangu chini ya meza.

Nilipokuwa na miaka tisa, nami nilichelewa.
"Mifupa inarefuka," akasema daktari wa kwanza.
"Ni baridi," akasema wa pili,
na mama akanipeleka kwenye chemchemi za moto milimani,
majira matatu ya theluji, nikichemshwa kama yai.
Baridi yabisi: jina zima linaitupia baridi lawama,
na baridi haikuwamo.
Ilikuwa damu yangu mwenyewe, askari waliokosea nyumba,
usiku wakivunja milango ya viungo,
asubuhi wakiniachia bawaba zenye kutu.
Ulipojulikana ugonjwa, nilikuwa na miaka kumi na minne.
Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Samaki huyo ni mimi. Nilikunjwa mbichi,
nikakauka hivyo hivyo.

Chihaya: wiki sita, tangu shanga hadi sindano.
Daktari Hatakeyama alimhesabu viungo kimoja kimoja
kama mtu asiyeiamini chenji yake. Vinne.
Kisha chumba cha giza, kidevu juu ya kibao,
mwanga mwembamba ukipita machoni,
kwa sababu jicho la watoto hawa huungua bila moshi.
Kila miezi mitatu, akasema, hata asipolalamika.
Hasa asipolalamika.

"Atapona?" akauliza dada yangu.
"Ugonjwa utalala. Kwa wengine hauamki tena.
Wake siujui. Ninachojua, mfupa haujaguswa."

Haujaguswa.
Nililitamka neno hilo ndani ya basi, kituo baada ya kituo.

Kila Jumanne jioni, sindano pajani.
Harufu ya spiriti ilimtapisha kabla ya dawa yenyewe.
Aliniita msaliti, mimi niliyemshika bega.
Nilimwacha anichukie:
alikuwa na vidole vya kukunja ngumi.

Hayo ni ya miaka kumi na moja iliyopita.
Alipofika kumi na tatu dawa zilisimamishwa, tukala keki.
Alipofika kumi na saba, katikati ya mitihani,
kiganja cha kulia kilivimba. Hakutungoja.
Alipiga simu hospitali mwenyewe, nikamsikia ukumbini:
"Leo asubuhi nimechelewa."
Walimwelewa.

Sasa yuko Sapporo, anakanda unga kwa mwoka mikate,
huamka saa tisa za usiku, na sindano amezirudia,
huzijua kama mtu ajuavyo kodi ya nyumba.
Mwaka mpya alikuja. Nilihangaika na chupa ya figili za siki;
akaichukua mkononi mwangu, akaifungua,
akaendelea kunisimulia habari za mvulana fulani.
Hakuona kitu. Kwa nini aone?

Alfajiri nilikuwa macho.
Mlango wake, kisha sakafu ya mbao:
hatua, hatua, hatua.
Nilihesabu.
Zilikuja kwa wakati.
Kesho yake nikahesabu tena.