Upindo

Jumanne na Alhamisi, saa mbili na nusu,
naingia chumba cha mazoezi kwa miguu miwili:
mmoja wangu, mwingine kama wa kuazima.
Dirishani Kibo amejifunika. Na ajifunike.
Sikuja Moshi mjini kutazama mlima,
nimekuja kuhamisha maharage.

Maharage thelathini, bakuli la bluu
kwenda bakuli jekundu, kwa mkono wa kulia.
Mimi, Aikaeli wa Kiboriloni,
niliyetunga uzi sindanoni umeme ukiwa umekatika,
niliyekata suti ya bwana harusi kwa kumtazama tu mlangoni,
leo harage linanikimbia kama kifaranga.
"Tena," anasema Ndekirwa.
Hana sindano, hana kidonge.
Ana viganja vya moto na hilo neno moja.

Kiharusi kilinikuta nimeshika mkasi.
Gauni la kipaimara la binti wa Mama Shose,
satini nyeupe, nusu imekatwa,
nusu bado mistari ya chaki.
Mkasi ulianguka kwanza. Mimi nikafuata.
Jirani akaleta mafuta ya upako,
shemeji akaleta jina la aliyeniroga,
mwanangu Elinami akaleta teksi.

Humu ndani hakuna anayeumwa peke yake.
Oforo wa bodaboda, paja limeungwa kwa chuma,
anapanda ngazi tatu za mbao zisizofika popote,
anageuka, anashuka,
anatukana kwa Kimachame akidhani hatumwelewi.
Yuko mpagazi, miaka kumi na sita ya mahema ya wageni kichwani:
"Kupanda si kitu," anasema, akilikanda goti.
"Kushuka ndiko kunakokula mtu."
Na mtoto Ndeshi, miezi kumi, mwenye mtindio wa ubongo,
kalazwa kifudifudi juu ya mpira mkubwa wa kijani.
Mama yake hutoka Rombo kabla jogoo hajawika
ili shingo ile isimame
kwa muda wa kuhesabu hadi nne.
Juzi ilifika saba.
Chumba kizima kilipiga makofi;
mimi nilijipiga pajani,
maana kofi moja halilii.

Wiki ya tisa nikalitupa bakuli.
Kwa kushoto, kwa nguvu zote, ukutani.
Maharage yakaenda chini ya vitanda,
chini ya baiskeli isiyo na magurudumu,
moja likaingia kwenye kiatu cha Oforo.
Nilingoja kukemewa kama mwanafunzi.
Ndekirwa akavuta suruali yake magotini,
akaketi sakafuni.
"Haya. Tuokote."

Tukaokota. Nilikuwa nikilia, sikuwa nikitazama,
na huko chini ya kitanda cha pili
kidole gumba cha kulia,
ambacho sikukituma,
kikalibana harage kwenye kidole cha shahada
kikalishikilia.

Ndekirwa hakushangilia.
Aliandika kitu kwenye faili, mstari mmoja,
akafunga kalamu.
Unajua alichosema.

Nyumbani Elinami huniuliza nitapona lini.
Namwambia mimi si jipu, mwanangu, siivi kwa siku.
Naweza kushika kikombe kisicho na chai.
Kifungo bado kinanishinda.
Kipaimara kilipita, binti alivaa la kuazima,
na tangu hapo amerefuka
mpaka mikono ya sweta lake imebaki viwikoni.
Mama Shose hajadai. Hupita, huniamkia,
hutazama kila mahali isipokuwa mezani.

Jana usiku nililifunua gazeti juu ya ile satini.
Nikapima kwa macho, kama zamani.
Nilikuwa nimeacha upindo wa vidole vinne,
kwa sababu wasichana wa ukoo ule
hurefuka ghafla, kama migomba baada ya mvua.

Nikaiweka chaki katika mkono wa kulia.
Mstari ukaenda upogo,
kama mfereji unaotafuta njia kushuka Kibosho.
Nikaufuta kwa kiganja.

Tena, nikajisemea.