Sindano Nayo Hunywa

Kutaisi, kipupwe, darasa la jioni.
Theluji imeganda viooni
kama unga kwenye nyusi za msaga mahindi.
Mwalimu Nazibrola akaweka mezani kopo la halua,
kifuniko kimezibwa kwa nta,
nyaya mbili zikichungulia nje kama sharubu za kambare.
"Ndani mna wawili," akasema.
"Mmoja huweka, mmoja hukinza.
Niambie kila mmoja ni kiasi gani.
Ukifungua, umefeli."

Nilikuwa na betri, swichi, karatasi ya miraba,
voltimita ya sindano yenye ufa kiooni,
na saa ya kuhesabia sekunde niliyoazima
kwa Murtazi, kocha wa mieleka,
aliyeniapisha nisiiangushe.

Nikalijaza kopo. Volti tisa.
Nikaachia swichi.
Sindano ikashuka, mwanzoni kwa pupa,
kama wageni wanaokimbia harusi mvua ikitanda,
kisha ikasita,
kisha ikasita zaidi;
kadiri akiba ilivyopungua
ndivyo kopo lilivyoona uchungu kuitoa.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila hakuna aliyeniambia
kwamba haba na haba ndivyo kibaba humwagika,
na kwamba haba ya mwisho haiishi kumwagika.

Toka tisa hadi tatu na ushei:
sekunde arobaini na saba.
Nikarudia. Arobaini na sita.
Arobaini na nane. Arobaini na saba tena.

Lakini arobaini na saba ni zao,
na zao halitaji wazazi wake:
ukinzani mkubwa kwa hifadhi ndogo,
hifadhi kubwa kwa ukinzani mdogo,
wote huzaa sekunde zilezile.
Nikakaa nikitafuna mkate wa mahindi uliopoa,
mpaka nikaikumbuka rezista niliyoijua,
omu elfu mia moja, mfukoni mwa koti.
Nikaibandika ubavuni mwa kopo,
njia ya pili ya kutorokea.

Muda ukakatika nusu.
Nusu kamili!
Basi njia yangu na ile iliyojificha zalingana.
Ukinzani: omu elfu mia moja.
Hifadhi: mikrofaradi mia nne na sabini.
Nikaandika kwa wino, nikapiga mstari chini, mara mbili.

Nazibrola akakwangua nta kwa ufunguo wa nyumba yake.
Kapasita: mia nne na sabini.
Rezista: nyekundu, nyeusi, njano.
Elfu mia mbili.

Nikasogeza taa. Nyekundu ilibaki nyekundu.

Hakunicheka. Akagonga kile kioo chenye ufa kwa ukucha:
"Na huyu? Ulidhani anatazama bure?
Tumboni mwake mna omu elfu mia mbili,
imeandikwa hapa chini, kwa herufi za sisimizi.
Kila alipokusomea, alikunywa.
Nusu ya kilichovuja si ya kopo."

Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikavuka daraja,
Mto Rioni ukinguruma chini, siuoni.

Kaka yangu Otari alikuwa ametoka jeshini tangu vuli.
Kila jioni nilimkalia mbele, magoti kwa magoti,
nikimuuliza, na moyoni nikihesabu
maneno yake yanavyopungua:
Jumatatu kumi na mawili, Ijumaa manne.
Nilikwisha kumpigia hesabu:
huyu hana akiba.

Usiku ule sikuuliza kitu.
Nikakaa jikoni, nikampa mgongo,
nikawa navunja jozi kwa nyundo ya baba.
Baadaye kikaburutwa kiti.
Akaichukua nyundo, akavunja yeye, nikamenya mimi,
hata bakuli likajaa,
na maganda yakatapakaa sakafuni, mama akaja kugomba.

Sijui amebakiwa na kiasi gani.
Kesho yake nikafungua daftari,
nikafuta ile elfu mia moja. Wino haufutiki vizuri;
karatasi ikatoboka.
Pembeni mwa tundu nikaandika kwa penseli:
ukinzani wa anayepima, angalia chini ya kioo.