Kivuli cha Mshika Kamera

Kibandani kwa Shija, Luchelele, kiingilio mia tatu,
jenereta likikohoa nje karibu na nyavu zilizoanikwa,
mdogo wangu Luhende alijifunza namna ya kutokufa.

Mwalimu wake mzungu mwenye kisu na ndevu za siku tatu,
ametupwa, walisema, peke yake nyikani.
Akakamua kinyesi cha tembo, akanywa maji yake.
Akala buu nene kama kidole gumba.
Vijana wakapiga miluzi,
na juu ya sauti yake, sauti ya mtafsiri:
“Oneni jamaa huyu, hana masihara!”

Mwanzoni hupita maandishi meupe, mistari minne, upesi.
Mtafsiri hakuyasoma.
Hapo ndipo anapotangaza duka lake la simu.

Nyumbani hatukupumua.
Luhende anachuja maji ya ziwa kwa soksi,
anatufundisha kumkimbia mamba kwa kupinda kulia, kushoto,
sisi ambao mamba wetu tunajua hata jiwe anapoota jua,
na dawa yake ni moja: usiteke maji pale.
Mama akamwuliza, “Na kichocho, baba, nacho kinanasa kwenye soksi?”
Akasema hapo bado hawajafika.

Jumamosi, kwenye majabali nyuma ya shule,
akimfuata mbuzi aliyekata kamba,
kitu cha kijani kikamdonoa kifundoni.
Alikiponda kwa jiwe. Hakupiga yowe;
yowe ni la wasiosoma.
Akakaza mkanda mpaka mguu ukawa rangi ya bilinganya,
akatoa wembe,
akachanja msalaba, akafyonza, akatema,
hatua kwa hatua, kama alivyoonyeshwa.

Hili ndilo linaloniuma:
hakukosea hata moja.

Bodaboda ya mkopo, mimi nyuma nimemkumbatia,
damu yake ikijaa kiatuni mwangu mpaka Bugando.
Sista Nkwimba akachungulia ndoo ya rangi tuliyombebea nyoka,
akamwita daktari, daktari akamgeuza kwa kalamu.
“Huyu anakula vyura. Hana sumu.
Na angekuwa nayo, ungetuliza mguu, usikate, usifunge, ukaja mbio.
Nyoka hajakufanya kitu, kijana.
Tunashona wembe.”
Nyuzi kumi na moja.

Wiki iliyofuata nikaosha mikono harufu ya dagaa,
nikalipa mia tatu yangu, nikaketi.
Sikumtazama mzungu. Nilitazama pembeni mwake.
Aliposema, “Niko peke yangu,”
mchangani kando yake kulikuwa na kivuli:
kichwa, bega, na boksi juu ya bega.

Ehe.
Na mwenye boksi ana mwenzake wa kubeba maji,
na wa maji ana dereva,
na dereva, sina shaka, anajua hospitali iko wapi.

Sina ugomvi naye. Yeye anauza hatari,
mimi nauza dagaa.
Ila mimi mteja akiniuliza kama wameoza
namjibu kabla hajalipa.

Luhende anachechemea, na kwa Shija bado anakwenda.
Jana jamaa aliporuka gengeni, kibanda kizima kikapiga miluzi,
yeye akasimama na mguu wake mbovu, akauliza kwa sauti:
“Kivuli kile cha nani?”

Shija akamwambia akae chini,
au achukue mia tatu yake, atoke.