Debe la Tatu

Karatasi arobaini na moja mezani,
umeme umekatika tangu magharibi,
mimi na tochi ya simu na kalamu nyekundu.
Swali la nne: Debe la tatu linaashiria nini?

Hadithi yenyewe kurasa sita tu.
Mama Sizya huteremka stesheni na madebe matatu ya asali.
Mawili huuzwa kabla kengele haijalia,
la tatu hurudi nalo kichwani, kila safari,
na hadithi inakwisha yungali njiani,
vumbi likimfuata kama mdai.

“Tamaa,” ameandika Mihayo.
“Tamaa,” Kasanda, wino umemvujia.
“Tamaa ya mwanadamu isiyotosheka.” Huyu kanakili ubao wangu
hadi nukta niliyoikosea.
Vema. Vema. Vema.
Miaka kumi na mmoja nalifungua debe hilo mbele ya darasa,
nachota humo tamaa, nawagawia.

Ndipo Nyanzala. Mistari sita, mwandiko wa kuku aliyeparura:

“Debe la tatu ni tupu, mwalimu.
Ukurasa wa nne nyuki wanamfuata hadi relini,
wanatua kwenye madebe mawili.
La tatu hawaligusi.
Haendi kuuza. Anatafuta sababu ya kusimama pale
watu wanaposhuka.”

Nikafunua ukurasa wa nne.
Nyuki wapo.
Wamekuwapo miaka yote,
wanavuma katikati ya sentensi niliyokuwa nairuka
niwahi dhamira.

Mwongozo wa kusahihisha hauna mahali pa nyuki.
Unasema: tamaa, alama mbili; mfano, alama moja.
Kalamu ikabaki hewani.
Nje, mbwa wa Ng'ambo wanajibizana,
moshi wa tumbaku ya jirani unapenya dirishani,
kisha honi, mbali, kama mtu anayeomba radhi:
treni ya Mpanda, ya Jumanne,
imechelewa tena.

Sijui kwa nini nilivuta daftari la mahudhurio.
Nyanzala Maganga.
Jumanne, mtoro.
Jumanne, mtoro.
Jumanne.
Mkono ni wangu, wino ni huu huu.

Wiki iliyopita nilimsimamisha langoni,
saa nane, jua la kupasua kichwa.
Ulikuwa wapi?
“Nilitumwa kuuza matobolwa, mwalimu.”
Na kweli alikuwa na kapu,
limefunikwa kitenge, kimefundwa vizuri pembeni.

Sikulinyanyua.