Omu Mbili

Kisanduku kinakaa chini ya gia,
boliti tatu, bapa kama kisahani cha chai.
Wateja wangu hapa Gofu hawajui kama kipo.
Wanajua redio. Wanajua kiyoyozi.
Wanajua honi ikikauka sauti.

Kazi yake ni kushuku.
Tangu ufunguo unapozunguka kinashuku:
hili ni shimo la Makorora, au ni mauti?
Huu ni mlango uliobamizwa na mtoto aliyenuna?
Ni nyundo ya Sechonge, ananyoosha bampa?
Hapana, tulia. Hapana, tulia.
Miaka kumi na saba kinasema hapana
na hakuna aliyekishukuru kwa hapana hata moja.

Hakipimi kishindo, watu hukosea hapo.
Kelele si kitu. Bati kupondeka si kitu.
Kinapima jinsi mwendo unavyokufa:
umefifia, kama jiko la mkaa lililokosa wa kulipepea,
au umekatwa,
kama umeme wa Chumbageni katikati ya taarifa ya habari?
Sekunde moja ukiichanja vipande elfu
chenyewe kinapewa ishirini tu vya kuamua.
Kope zako zinataka zaidi ya mia kufumba.
Kikikurupuka, mfuko unakuvunja pua bure, getini kwako.
Kikinyamaza pasipo kunyamaza,
hakuna atakayenirudishia gari nirekebishe.

Nayajua haya. Niliyafanyia mtihani, nikafaulu.

Mwalimu Shekiondo alikuja Machi, mvua inanyesha.
Kwenye dashibodi, kale kamtu kekundu
kaliokumbatia puto hakazimiki.
Nikafungua usukani.
Ndani: kipande cha godoro, kimeshonwa kwa uzi wa viatu.
Mfuko ulishang'olewa,
bandarini, njiani, nani ajuaye.
Mwingine? Laki tisa, nikamwambia.
Akacheka kicheko cha mtu mwenye ada mfukoni isiyo yake.
"Zima taa tu, fundi. Inanikodolea macho."

Nikamwekea rezista. Omu mbili.
Elfu nane, na ufundi humo humo.
Kila asubuhi kisanduku kinauliza, mfuko upo?
Rezista inajibu, nipo.
Uongo mdogo, mwembamba kuliko punje ya mchele,
na kamtu kekundu kakalala.

Pongwe, saa mbili usiku, lori la mkonge
limesimama bila taa, bila hata tawi la kutahadharisha.
Mkanda ulimshika roho.
Usukani ulichukua taya.

Leo amekaa kwenye benchi langu,
meno yamefungwa kwa waya, hawezi kusema.
Ananiandikia kwenye daftari, kwa mwandiko wa ubaoni,
herufi zimenyooka kama watoto wa mstarini:
*Kwa nini hakikuamua?*

Nimeshachomeka mashine. Kisanduku kinakumbuka,
huandika wasia wake kabla ya kuzimika.
Kipande cha kumi: kimeshuku.
Cha kumi na nne: si shimo hili.
Cha kumi na tisa: ndiyo.
Ndiyo yake ya kwanza toka kiwandani,
sahihi, kwa wakati, haina doa.
Ikapita kwenye waya wa njano, mbio,
ikabisha hodi mlangoni pa mfuko,
akatoka rezista wangu, akapokea.
Akapata joto kidogo. Basi.

Mwalimu anaisogeza kalamu upande wangu.
Nje Sechonge anagonga bampa, ndu, ndu,
na ndani ya gari lingine, najua lipi,
kisanduku kingine kinauliza, kinajibiwa.
Kumi na moja nimeziweka. Nina orodha,
niliiandika kwa ajili ya hesabu za duka.

Chenyewe kilipewa vipande ishirini.
Mimi nina alasiri nzima, na kalamu, na karatasi,
na bado nafuta mikono
iliyokwisha takata zamani.