Chupa ya Thelathini na Moja

Ukumbini wameweka maji ya dukani,
chupa moja kwa kila kiti, hata changu,
safu ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni.
Nimesoma lebo. Mazoea.
Haisemi floraidi ni kiasi gani.

Leo Akademia inampokea Dkt. Ndekirwa Akyoo.
Wamemvika joho jekundu, refu kumpita,
analikusanya kama mtu anayevuka mto,
na mito ya upande huu wa Meru ameivuka yote,
viatu mkononi, mimi nyuma na kreti.

Msoma wasifu ana sauti ya redio.
Machapisho arobaini na mawili.
Mshauri wa Serikali katika mambo ya maji.
Anasoma vizuri. Lakini sisi wa Maji ya Chai
tunajua jina letu halikutokana na ukarimu:
mto wenyewe una rangi hiyo,
na meno yetu yameufuata mto.
Picha zangu zote, tangu kipaimara,
nimefumba mdomo.

Kuna jambo halimo kwenye wasifu.

Mwaka wa ripoti, kurasa themanini na nne,
wizarani walisema: fupisheni. Zikawa kumi.
Fupisheni. Ukabaki ukurasa mmoja,
na ndani yake sentensi moja yenye misuli:
kisima kipi kifungwe, kipi kiachwe.
Usiku wa kuamkia kikao, nikiosha vyombo vya maabara,
nikakuta kifuniko cha 31
kimekaa juu ya chupa ya 13.
Mwandiko ni wangu.
Nikakaa sakafuni. Hakuna aliyeona.
Namba ni namba, zingeingia kwenye faili zikalala humo.

Nikampigia saa saba usiku.
Hakufoka. Alinyamaza, nikasikia mbwa wa jirani yake,
kisha akasema, "Loishiye, umekunywa chai?"
kana kwamba kumekucha.

Asubuhi akasimama mbele ya meza ndefu:
Sentensi ile naiondoa.
Kwa hiyo visima ni salama?
Hapana.
Kwa hiyo vina sumu?
Sijui bado. Nipeni masika moja na kiangazi kimoja.
Mwenye suti ya kijivu akacheka puani:
"Daktari, sisi tunalipia majibu."
"Na hilo ni jibu," akasema, akaketi.
Jina langu hakulitaja. Alisema *tulikosea*,
na ile *tu* ya mwanzo, herufi mbili tu,
nimejibanza chini yake hadi leo
kama chini ya bati, mvua ya mawe inaponyesha.

Tukarudia. Ngarenanyuki, Oldonyo Sambu,
njia za punda, vumbi hadi kwenye kope.
Mama mmoja akatuuliza, ndoo kichwani,
maji yake yanafanya mtihani tena kwa nini,
kwani mwaka jana yalifeli somo gani?
Masika ikapita, na kiangazi.
Kisima tulichotaka kifungwe kikabaki wazi.
Kile cha shule, tulichokisifu,
kikafungwa kwa mnyororo.

Sasa makofi. Medali, utepe, wimbo wa Taifa.
Mpiga picha anakusanya watu wa maabara,
anasema tabasamuni.
Nimefumba mdomo, kama kawaida.

Nje, kwenye maegesho, baridi ya Julai,
anaivua medali, anaipima kiganjani
jinsi anavyopima jiwe la mtoni,
anaitupia kwenye begi la chupa tupu.
"Kesho saa kumi na mbili. Usinichelewe."

Nikifika nyumbani naandaa lebo.
Kila namba naiandika mara mbili,
kwenye kifuniko,
na kwenye ubavu wa chupa.