Kati ya Chupa ya Tano na ya Sita

Alfajiri, mguu mmoja topeni, mwingine juu ya jiwe,
nainama pale Mirongo unapolikabidhi ziwa ulichobeba.
Chupa sita nimeshazijaza huko juu, daraja kwa daraja,
kila moja saa yake na jina la mahali
kwa kalamu ya risasi. Wino ukilowa husahau.

Usiku mvua ilipiga Mabatini,
na mlimani, kati ya mawe, watu waliamka bila kuwasha taa.
Sisi tuliokulia kule tunaijua ile sauti:
matambara yakichomolewa tunduni,
choo kikitapishwa,
mvua ikitwishwa mzigo wa wenyewe.

Mavi ya kale hayanuki, walisema wahenga.
Hawakuwa na maabara.
Sisi tunayalaza kwenye kabati la joto, nyuzi arobaini na nne,
na kesho yake yamechanua:
vidoa vya njano, vizuri hata, kama chavua ya alizeti.
Chupa ya kwanza, vinne. Ya tano, kumi na tisa.
Ya sita, Mbuke alinitazama juu ya miwani, akasema,
andika "havihesabiki".

Kati ya tano na sita
kuna bomba moja tu linalochungulia mtoni.
Geti la bluu. Mpapai. Sare za shule kwenye kamba.
Mjomba Ngasa, aliyeuza dagaa Kirumba ili nisome kemia.

"Ziwa kubwa lile," akacheka, "linameza hata..."
Akakatiza. Mwanza hatumalizi sentensi hiyo.

Mkewe akaniletea maji kwenye bilauri ya wageni.
Nikayainua kwenye mwanga wa dirisha, tabia ya kazi.
Yalitoka hapa hapa, yakateremka bondeni,
yakaizunguka Capripoint, yakavutwa, yakachujwa,
yakatiwa klorini, na mapipa yamebaki matatu,
yakasukumwa na pampu kuupanda mlima,
yakamrudia mwenyewe, safi, kwa bili.

Nikanywa. Yalikuwa matamu.
Mjomba akauliza, nikuongeze?

Nje, kwenye ngazi ya mawe, wingu jingine likijikusanya upande wa Igogo,
nikafungua daftari,
nikaandika jina la mahali kwa herufi kubwa, nikikandamiza,
kabla mkono haujakumbuka undugu.